Presha Hutoka Wapi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Maji, Hewa na Mafuta Yaliyo Mwendoni

Maswali mengi ya hapa yanatoka kwa watu wanaojenga, wanaochimba visima na wanaopika kwa gesi, kwa hiyo tutakaa zaidi kwenye tangi, bomba na pampu kabla ya kwenda kwenye mabwawa na mabomba ya mafuta.

Mekanika ya ugiligili ni kitu gani, na mimi nisiye mhandisi inanihusu wapi?

Ugiligili ni chochote kinachotiririka: maji, hewa, mafuta, gesi ya mtungini, damu mwilini. Elimu hii huuliza kinakwenda kwa kasi gani, kinasukuma kwa presha gani, na nguvu yake inapotelea wapi njiani. Ukifungua bomba, ukikanyaga breki au ukiwasha jiko la gesi, tayari umo.

Kanuni yake kubwa ina jina la Daniel Bernoulli, aliyeandika juu yake mwaka 1738. Kimo, presha na kasi ni sura tatu za nishati ileile. Maji yaliyo juu ya mnara yana kimo. Yakishuka kwenye bomba, kimo kinageuka presha. Ukifungua koki, presha inageuka kasi. Ni sawa na kutuma pesa kwa simu: unazihamisha toka akaunti hii kwenda ile, ila kila muamala una makato. Mkata makato hapa ni msuguano. Karibu kila jibu lililo hapa chini ni hesabu ya salio na makato hayo.

Nikiweka tangi kubwa zaidi, presha ya maji itaongezeka?

Hapana. Tangi la lita 5,000 na la lita 500, maji yakiwa usawa mmoja, yanatoa presha ileile. Ukubwa wa tangi unakupa siku nyingi za maji. Presha inatoka kwenye kimo. Kila mita 10 za kimo ni takriban bar 1 (bar ni kipimo cha presha).

Watu wengi hukosea pale wanapopima kimo kutoka ardhini. Pima kutoka usawa wa maji tangini hadi pale maji yanapotokea. Mnara wa mita 3 unaonekana mrefu ukiwa uani, lakini shawa iko mita 2 juu ya sakafu. Tangi likikaribia kuisha, umebakiwa na mita 1, yaani bar 0.1. Hita nyingi za shawa haziwaki kwa presha hiyo, na mwenye nyumba huenda akadhani hita ni mbovu. Soma kibandiko cha hita kabla ya kuinunua. Presha ya chini inayohitajika huwa imeandikwa.

Ndiyo maana pia katika jengo lenye tangi juu ya paa, anayeishi ghorofa ya mwisho ndiye mwenye maji dhaifu. Kwenye jengo la ghorofa 20 tatizo linageuka: mita 60 za kimo ni bar 6 huko chini, na vali za vyoo na koki zinaweza kuanza kuvuja. Majengo ya namna hiyo huwekewa vali za kupunguza presha, au tangi jingine katikati ya jengo.

Mnara wangu ni mrefu wa kutosha. Mbona maji bado yanadondoka tu?

Basi makato yanakumalizia salio, na mara nyingi mkosaji ni wembamba wa bomba.

Chukua bomba la PPR la milimita 20, lile la kijani au jeupe ambalo mafundi wengi hulitumia nyumba nzima. Hiyo 20 ni kipenyo cha nje. Aina nene ya PN20 ina ukuta wa milimita 3.4, kwa hiyo tundu linalopitisha maji ni milimita 13.2. Ukitaka lita 10 kwa dakika, kiasi cha shawa moja nzuri, kila mita 20 za bomba hilo hula takriban mita 3 za kimo. Kwa maneno mengine, mnara wako wote wa mita 3 umeliwa na bomba kabla maji hayajafika bafuni. Ukitumia la milimita 25, safari hiyohiyo hula kama mita 1. La milimita 32 hula chini ya nusu mita. Maji yanapokwenda kwa msukosuko, yaani kwa kujikoroga, kama yanavyokwenda karibu kila mara ndani ya nyumba, kupunguza kipenyo kwa nusu huku ukidai kiasi kilekile cha maji huongeza hasara karibu mara 32. Tofauti ya bei kati ya bomba la 20 na la 25 ni ndogo sana ukilinganisha na bei ya kupandisha mnara.

Halafu kuna jambo ambalo huwezi kuliona bila msumeno. PPR huunganishwa kwa kuyeyusha: fundi anapasha moto bomba na kiungo, kisha anavisukumiza pamoja. Akipasha kupita muda, au akisukuma kwa pupa, plastiki iliyoyeyuka hujikusanya ndani na kufanya pete. Kwa nje kiungo kinang'aa, hakivuji, fundi analipwa. Kikikatwa kwa urefu, unakuta tundu la milimita 13 limebaki na upana wa penseli, na maji yote ya bafu yanalazimika kupita hapo. Nyumba moja ina viungo vya namna hiyo kwa makumi. Kwa maoni yangu hili ndilo kosa linalogharimu wenye nyumba kuliko yote, kwa sababu dawa wanayoandikiwa huwa ni kununua pampu.

Ili ujue tatizo ni kimo au ni bomba, funga geji ya presha karibu na bafu. Koki zote zikiwa zimefungwa, geji inaonyesha kimo tu, kwani maji yasiyotembea hayana msuguano. Sasa fungua shawa. Geji ikishuka kidogo, bomba ni zima na kimo ndicho hakitoshi. Ikianguka hadi karibu na sifuri, mnara hauna kosa, tafuta palipobana.

Kisima changu kina kina cha mita 12. Pampu ya juu inazunguka vizuri lakini haileti maji. Ni mbovu?

Huenda ni nzima kabisa. Hakuna pampu inayovuta maji. Inachofanya ni kupunguza hewa ndani ya bomba la kunyonyea, kisha uzito wa hewa ya nje unaosukuma uso wa maji kisimani ndio unaoyapandisha. Hewa hiyo, ukiwa usawa wa bahari, ina uwezo wa kupandisha maji takriban mita 10.3 na basi, hata ungefunga mtambo wa ukubwa wa lori. Evangelista Torricelli, Mwitaliano, ndiye aliyeweka wazi jambo hilo kwenye miaka ya 1640, alipogundua kwamba tunaishi chini ya bahari ya hewa.

Hizo mita 10.3 ni za vitabuni. Ukitoa makato ya bomba, vali na mvuke wa maji wenyewe, Dar es Salaam au Mombasa tegemea mita 7, labda 8. Nairobi, iliyo juu zaidi ya mita 1,600, hewa ni nyepesi zaidi. Huko hata mita 6 ni za kushukuru. Pampu iliyofanya kazi vizuri Tanga inaweza kukataa ikipelekwa Limuru bila kuwa na ubovu wowote.

Kwa kisima cha mita 12 una njia mbili: pampu ya kuzamisha, inayokaa chini majini na kusukuma, au kuishusha pampu uliyo nayo ikae karibu na uso wa maji. Kusukuma hakuna kikomo hicho. Ndiyo maana visima vya mita 100 na zaidi kwa kawaida hutumia pampu za kuzamisha.

Kama maji yako hayako mbali hivyo na bado hayaji, kagua mambo mawili kabla ya kumwita mtu. Je, bomba la kunyonyea limejaa maji? Pampu ya kawaida haiwezi kuanza ikiwa imejaa hewa. Na je, ile vali ya chini inayozuia maji yasirudi kisimani inashika? Jani moja la mti lililokwama hapo linatosha kuacha maji yarudi kisimani usiku kucha. Tundu la sindano kwenye kiungo cha upande wa kunyonya halitavujisha hata tone. Litaingiza hewa.

Pampu inalia kana kwamba ina kokoto tumboni. Kuna mchanga?

Inawezekana, lakini mara nyingi ni viputo. Presha ikishuka vya kutosha, maji huchemka hata yakiwa ya baridi. Kwenye mdomo wa pampu inayonyonya kwa shida, maji hugeuka viputo vya mvuke. Vikifika penye presha kubwa hupasukia ndani kwa nguvu inayong'oa vipande vidogo vya chuma. Ukifungua pampu iliyoishi hivyo miezi kadhaa, utakuta feni yake imetobokatoboka utadhani imeliwa na wadudu. Panga za meli na mitambo ya mabwawa hupata ugonjwa huohuo.

Dawa iko upande wa kunyonya: bomba pana zaidi, viwiko vichache, pampu ishuke karibu na maji. Ukitaka kupunguza maji yanayotoka, bana koki ya upande wa kutolea. Kubana upande wa kunyonya ni kuiua pampu polepole.

Nikifunga bomba ghafla ukuta unapiga "gdu!" Ni hatari?

Ndiyo, baada ya muda. Maji yaliyomo bombani ni mzigo wenye uzito na ulikuwa mwendoni. Ukiusimamisha kwa mara moja, mwendo wote unageuka presha inayosafiri bombani kwa kasi ya sauti. Nikolai Joukowsky aliifanyia kazi hesabu hii mjini Moscow na kuichapisha mwaka 1898. Kwenye bomba la chuma, maji yanayokwenda mita 1 kwa sekunde yakisimamishwa ghafla huzalisha zaidi ya bar 10 kwa sehemu ya sekunde. Plastiki hunyumbuka, kwa hiyo pigo lake ni dogo, ila viungo huchoka. Funga koki taratibu, bana mabomba ukutani kwa klipu, na kwenye mashine ya kufulia weka chombo cha kumeza pigo.

Pigo hilohilo lina faida pia. Mwaka 1796 Joseph-Michel Montgolfier, mmoja wa wale ndugu wawili wa puto la hewa moto, alilitumia kutengeneza pampu isiyotumia umeme wala mafuta: maji ya mto yanashuka bombani, vali inajifunga kwa kishindo, na presha ya kishindo hicho inapandisha sehemu ndogo ya maji juu sana kuliko yalikotoka. Sehemu kubwa ya maji inamwagika, lakini mto haulipishwi. Kwa kijiji cha mlimani chenye kijito kinachoporomoka mwaka mzima, sioni kitu kinachoishinda kwa gharama ya kuiendesha.

Kwa nini chupa ya dripu hutundikwa juu?

Ili kimo kishinde presha ya damu kwenye mshipa. Ikishushwa chini ya kitanda, damu itarudi kwenye mpira. Hata sheria ya mtiririko kwenye mirija myembamba inatokana na daktari, Jean Poiseuille wa Ufaransa, aliyekuwa akichunguza damu kati ya miaka ya 1830 na 1840. Kwa mtiririko tulivu wa namna hiyo, mrija ukipungua kipenyo kwa nusu, kinachopita hupungua mara 16. Ndiyo sababu mgonjwa anayehitaji maji haraka huchomwa sindano nene, fupi.

Moto wa jiko langu la gesi ni wa njano na sufuria zinakuwa nyeusi. Gesi imechakachuliwa?

Anza na hewa. Ndani ya mtungi kuna bar kadhaa. Regyuleta ya nyumbani hushusha hadi karibu milibari 30, sawa na kimo cha maji cha sentimita 30. Presha hiyo ndogo inageuka kasi pale gesi inapopenya tundu dogo chini ya jiko, na mchirizi huo wenye kasi huburura hewa ya jirani kupitia matundu ya pembeni. Vikichanganyika sawasawa unapata moto wa bluu. Matundu ya hewa yakizibwa na utando wa buibui, masizi au uji uliomwagika, gesi inaungua bila hewa ya kutosha, nao ndio moto wa njano. Zima, acha lipoe, safisha.

Jambo moja la usalama: gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inalala sakafuni, haipandi dirishani. Kwa hiyo fungua mlango, usiwashe wala kuzima swichi, na kagua uvujaji kwa povu la sabuni. Kiberiti kiweke mbali.

Pangaboi linapoza hewa ya chumba?

Hapana, injini yake inaipasha joto kidogo. Linapoza wewe, kwa kuondoa ile hewa yenye unyevu iliyoganda juu ya ngozi. Ukitoka chumbani, lizime.

Breki za gari zimekuwa laini, pedali inazama. Kwa nini "kutoa hewa" kunasaidia?

Mafuta ya breki hayabonyei. Ukikanyaga pedali, presha inafika magurudumu yote manne kwa wakati mmoja na kwa kiasi kilekile. Hiyo ni kanuni ya Blaise Pascal. Kiputo cha hewa kinabonyea, kwa hiyo mguu wako unaishia kubonyeza kiputo. Mafuta ya breki pia hunyonya unyevu wa hewani yakizeeka. Ukishuka mlima Kitonga na gari dogo umekanyaga breki mwanzo mwisho, joto linaweza kuuchemsha unyevu huo ukawa mvuke, na pedali ikaenda hadi sakafuni. Badilisha mafuta kwa wakati, na shuka kwa gia namba mbili ili injini ikushikie.

Eskaveta linalochimba msingi barabarani linatumia kanuni hiyohiyo kwa presha ya kufika bar 350. Kwenye pistoni ya kipenyo cha sentimita 10, presha hiyo ni msukumo wa takriban tani 28. Ndiyo maana mpira wa haidroliki uliochanika kidogo usiguswe kwa kidole kutafuta panapovuja: mchirizi mwembamba hupenya ngozi, na jeraha linaloonekana dogo huhitaji upasuaji.

Ni kweli ndege hupaa kwa sababu hewa ya juu ya bawa ina safari ndefu, hivyo inakimbia ili ikutane na ya chini?

Maelezo haya yamo kwenye vitabu vingi vya shule, nayo ni makosa. Hakuna kinachoilazimisha hewa ya juu kukutana na ya chini nyuma ya bawa. Vipimo vinaonyesha ya juu hufika mapema zaidi. Isitoshe, ndege za maonyesho huruka kichwa chini. Bawa lililoinuliwa kidogo huelekeza hewa chini, na hewa hujibu kwa kulisukuma bawa juu. Juu ya bawa presha inashuka na kasi inaongezeka, hapo Bernoulli yuko sahihi. Kilichokosewa ni sababu ya kasi hiyo.

Manahodha wa pwani wamelitumia bawa kwa karne nyingi bila kuliita hivyo. Tanga la jahazi lililofungwa kwenye foromali, ule mti mrefu unaolishikilia, ni bawa lililosimamishwa wima. Upepo ukilipitia mshazari, linapata msukumo wa ubavuni. Mkuku, ule uti wa chini ya chombo, unakizuia chombo kisiteleze pembeni, na kinachobaki ni mwendo wa mbele. Kwa njia hiyo chombo hupiga bisho, huku na huku, hadi kinapanda dhidi ya upepo. Moja kwa moja usoni mwa upepo hakiendi, na hakuna chombo cha tanga kinachoweza.

Gari linakula mafuta zaidi nikitoka 80 hadi 120 kwa saa. Ni injini?

Ni hewa. Ukinzani wake hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo kwa 120 ni mara 2.25 ya ule wa 80, na nguvu ya kuushinda ni zaidi ya mara 3. Keria tupu juu ya paa inaongeza deni hilo kila kilomita.

Petroli na dizeli hupita bomba moja kutoka Mombasa hadi Nairobi. Mbona hazichanganyiki?

Huchanganyika, ila kidogo. Bomba la kwanza lilianza kazi mwaka 1978; la sasa, lenye urefu wa karibu kilomita 450, hupitisha bidhaa kwa zamu: shehena ya petroli, nyuma yake dizeli, nyuma yake mafuta ya taa au ya ndege, mara nyingi bila ukuta wowote katikati.

Siri yake inashangaza: kinachozitenganisha ni msukosuko. Mwaka 1883 huko Manchester, Osborne Reynolds alipitisha uzi wa rangi kwenye maji ndani ya mrija wa kioo. Kwa kasi ndogo uzi ulinyooka. Kasi ilipozidi kiwango fulani, ulivurugika ghafla. Sasa fikiria mafuta yakienda kwa utulivu. Yale ya katikati ya bomba yangekwenda mara mbili ya kasi ya wastani, huku ya ukutani yakisimama. Dizeli ingechomoza ulimi mrefu ndani ya petroli, kilomita kwa kilomita. Msukosuko unakorogea kila kitu kuelekea ukutani na kurudi katikati, kasi inakuwa karibu sawa bomba zima, na mpaka kati ya bidhaa unabaki mfupi. G. I. Taylor, Mwingereza, aliitolea hesabu yake mwaka 1954. Ndiyo maana waendeshaji huchukia kusimamisha pampu wakati mpaka huo wa bidhaa ukiwa njiani, hasa kwenye mteremko, ambapo bidhaa nzito huweza kuteleza chini ya nyepesi. Mpaka huo unapofika mwisho wa safari hutambuliwa kwa vipimo vya uzito wa mafuta, na sehemu iliyochanganyika huelekezwa kwenye tangi lake peke yake.

Kimo nacho hakisamehe. Kutoka baharini hadi Nairobi ni zaidi ya mita 1,600. Hata kwa mafuta mepesi kuliko maji, kupanda tu kunadai takriban bar 120, kabla ya msuguano wa kilomita 450. Hakuna busara ya kubeba presha yote hiyo kwa pampu moja, kwa hiyo kuna vituo njiani, Maungu, Mtito Andei na Sultan Hamud miongoni mwao.

Na bomba la kutoka Hoima hadi Tanga, kwa nini lipashwe moto?

Mafuta ghafi ya Ziwa Albert yana nta nyingi. Kwa joto la kawaida la hewa yanaganda. Bomba hilo, kilomita 1,443 kutoka Kabaale, Hoima, nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga, nchini Tanzania, lenye kipenyo cha inchi 24, limebuniwa likiwa na koti la kuhifadhi joto na mfumo wa kupasha umeme ili mafuta yasishuke chini ya nyuzi 50. Mnato, yaani ugumu wa mafuta kutiririka, ukipanda, makato hupanda, na mafuta yakiganda kabisa hakuna pampu ya kuyaanzisha tena. Mabishano juu ya ardhi na mazingira katika mradi huo ni mazito na yanahitaji ukurasa wake.

Kwa nini mabwawa hayatumii aina moja ya mtambo?

Kwa sababu mito haifanani. Nguvu ni kimo mara kiasi cha maji: mita moja ya ujazo kwa sekunde ikishuka mita 100 ina takriban kilowati 980, na mtambo mzuri hukamata karibu asilimia 90. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Rufiji lina mitambo 9 ya aina iitwayo Francis, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115; Francis hufaa kimo cha wastani na maji mengi. Jinja, penye kituo cha Nalubaale kilichofunguliwa mwaka 1954, kimo ni kidogo na Nile ni kubwa, hivyo huko kuna Kaplan, inayofanana na panga la meli. Maji machache yanayoporomoka kutoka mlima mrefu hupewa gurudumu la Pelton, ambalo hupigwa na mchirizi kwenye vikombe vyake.

Mitambo ya upepo ya Turkana imewekwa kule mbali kwa nini?

Nguvu ya upepo hukua kwa kipeo cha tatu cha kasi: upepo wa mita 10 kwa sekunde una nguvu mara 8 ya ule wa mita 5. Kwa hiyo hapafai mahali penye "upepo wa kutosha", panatafutwa penye upepo mkali na wa kudumu. Karibu na Loiyangalani, upepo unabanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya na kuongezeka kasi. Huko kuna mitambo 365 ya kilowati 850, jumla kama megawati 310. Hakuna mtambo unaoweza kukamata zaidi ya asilimia 59.3 ya nguvu ya upepo unaoupitia. Albert Betz alionyesha kwamba ukiukamata wote hewa ingesimama nyuma ya mapanga na kuziba njia.

Kompyuta haziwezi kukokotoa haya yote siku hizi?

Zinakokotoa mengi: umbo la gari, moshi kwenye jengo linaloungua, mwendo wa damu kwenye vali ya moyo. Lakini milinganyo yenyewe ya mwendo wa ugiligili, iliyoanzishwa na Navier mwaka 1822 na kukamilishwa na Stokes mwaka 1845, haijathibitishwa kihisabati kwamba daima ina majibu laini. Taasisi ya hisabati ya Clay ya Marekani iliweka zawadi ya dola milioni 1 mwaka 2000, na haijachukuliwa. Kwenye kazi, msukosuko bado hukadiriwa, na mhandisi mwenye akili hujenga mfano mdogo na kuupima.

Maji yakirudi baada ya mgao, mita yangu inazunguka kwa hewa. Ninalipia hewa?

Kwa kiasi fulani, ndiyo, kama mita yako ni ya kuzunguka. Mabomba ya mtaa yakiisha maji hujaa hewa. Maji yakirudi yanaisukuma hewa mbele yao, nayo hutokea kwa mwenye bomba wazi. Hewa ni nyepesi na msuguano wake bombani ni mdogo, kwa hiyo inapita kwa kasi kubwa na kuzungusha feni ya mita kama maji yangefanya, tena kwa pupa. Mita za mawimbi ya sauti hazina feni, na nyingi hazisomi kitu bomba likiwa halina maji. Mtandao wa mtaa unatakiwa kuwa na vali za kutoa hewa kwenye vilele vya bomba; zikiwa zimekwama au hazipo, hewa itatafuta nyumba zenu.

Unachoweza kufanya mwenyewe: usiache bomba wazi wakati wa mgao ukisubiri maji yajitangaze. Funga koki iliyo karibu na mita. Maji yakisharudi mtaani, ifungue kidogo tu. Ukitaka kulalamika kwa mamlaka yako ya maji, nenda na ushahidi: piga picha ya mita, jaza ndoo kumi za lita 20 maji yakiwa yametulia, piga picha tena. Mita ikisoma lita 200 au karibu yake, mita ni nzima na hoja yako ni hewa. Ikisoma nyingi zaidi ya hapo, omba ipelekwe kupimwa.